Hakimu Hajala Tangu Jana

Chachu alipofungua mlango saa saba mchana, kitu cha kwanza alichokikosa kilikuwa mlio wa kucha. Kila siku akirudi kazini, kabla hajavua viatu, Hakimu huwa ameshakuja mbio juu ya sakafu, kucha zikigonga kama mtu anayepiga taipureta, akasimama kwa miguu ya nyuma na kumnusa goti. Siku ile sebule ilikuwa kimya. Alisimama na mfuko wake mkononi, akaita mara mbili, kisha akaanza kumtafuta.

Jina la Chachu alipewa na wenzake wa kiwanda cha mikate, kwanza kwa sababu alikuwa msimamizi wa meza ya unga, pili kwa sababu akikasirika alikuwa anapanda upesi na kushuka upesi. Majirani walilidaka, mumewe akalidaka, na hatimaye hata mama mkwe wake, ambaye hakuwa mtu wa utani, akawa anamwita hivyo hivyo. Hakimu alikuwa sungura wa mama mkwe. Alikuwa dume wa kijivu, sikio moja limelala, na jina alilipata kwa tabia yake ya kukaa katikati ya mlango akimkodolea macho kila apitaye, kama anayetafuta kifungu cha kumfungia.

Alimkuta nyuma ya kochi. Alikuwa amejikunja kama ngumi, mgongo juu, macho nusu wazi, wala hakugeuza kichwa. Chachu aliposogea karibu alisikia sauti ndogo, kavu, kama changarawe zinazosagwa chini ya kiatu. Hakimu alikuwa anasaga meno.

Majani aliyomwekea alfajiri, gizani, bila hata kumwangalia vizuri kwa kuchelewa zamu, yalikuwa pale pale, yamenyauka. Nyasi kavu hazikuguswa. Akaenda kwenye beseni lake la choo, akapiga magoti, akapekua kwa vidole vyake mwenyewe. Beseni lile alilisafisha jana asubuhi. Tangu jana asubuhi hakukuwa na punje ya kinyesi hata moja.

Kwenye mlango wa friji kulikuwa na karatasi. Mama mkwe alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na sita kabla ya kustaafu, na maagizo ya sungura aliyaandika kama ya wodini, kwa wino wa buluu, kila jambo na saa yake. Alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake aliyepasuliwa nyonga, wiki nzima, na siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kurudi. Chachu alikuwa ameisoma karatasi ile mara nyingi, lakini sasa aliisoma kama mtu anayesomewa hukumu. Sungura asipokula nusu siku ni dharura, usisubiri. Na chini kabisa, pamepigwa mstari mara mbili: Asipewe mkate. Hata akiomba.

Alikuwa amempa mkate.

Siku ya kwanza alimpa kipande kidogo cha kona, ukubwa wa ukucha. Hakimu alikidaka kwa furaha, akazunguka miguu yake mara tatu, na Chachu alicheka peke yake sebuleni. Siku ya pili kipande kikakua. Kufika siku ya tano alikuwa anamletea makombo ya zamu nzima kwenye mfuko, na jana alimwachia nusu ya mkate mtamu, akakaa kitako sakafuni kumtazama anavyokula. Alijua anakosea. Lakini tangu baba mkwe afariki, miaka mitatu nyuma, mama mkwe alikuwa hana maneno mengi na watu. Maneno yake yote aliyahifadhi kwa Hakimu, ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemleta nyumbani ndani ya kofia. Kila jioni, nyuma ya ukuta mwembamba wa chumba, Chachu alimsikia akimsimulia sungura habari za magoti yake, za majirani, za ndoto alizoota. Mara moja alimsikia anacheka. Chachu alikuwa ameishi nyumba ile miaka sita na hakuwahi kumchekesha mama mkwe hata siku moja. Kwa hiyo sungura yule alipomkimbilia yeye, kwa ajili ya mkate au vinginevyo, alijiona naye anaanza kuwa mtu wa mle ndani.

Alimpigia simu mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa pikapu ya kusambaza vipuri, na siku ile, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, alikuwa amekwenda kumchukua mama yake. Simu ilipopokelewa Chachu alisikia upepo na mngurumo wa injini.

"Niko njiani, simu iko kwenye spika," mumewe alisema. "Mama yuko hapa anakusikia."

Akayaacha maneno yote aliyokuwa ameyapanga. Akawasalimia. Akauliza mgonjwa anaendeleaje. Halafu sauti ya mama mkwe ikaingia, kavu, ya mbali.

"Hakimu hajambo?"

"Hajambo, Mama," alisema Chachu.

Akakata simu, akabaki ameikodolea macho kama vile ndiyo iliyosema uongo.

Alichukua kikapu cha sokoni, akatandika taulo, akamwinua Hakimu. Kwa kawaida kumwinua Hakimu ni kupigana mieleka. Leo alining'inia tu mikononi mwake, na masikio yake, ambayo siku zote huwa ya moto kama mkate unaotoka tanuri, yalikuwa ya baridi. Baridi ile ndiyo iliyomtoa nyumbani mbio, na sare ya kiwanda bado mwilini, unga kwenye nywele.

Duka la dawa za mifugo lilikuwa barabara ya pili. Muuza dawa alikuwa mtu mwema, mwenye tumbo kubwa na kauli ya kumpa mtu matumaini, na hilo lilimfanya Chachu apumue kidogo. Alichungulia ndani ya kikapu, akamgusa Hakimu kwa kidole kimoja, akasema ni tumbo, dawa ipo. Akatoa kichupa cha dawa ya maji, ya rangi ya waridi, ya kuua vijidudu, akampa na bomba la sindano la kumnyweshea, akamwonyesha alama ya kipimo. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri chakula cha kuku akasema kuwa kwao sungura akifika hali hiyo watu hubandika maji jikoni. Watu wakacheka. Chachu naye alicheka, kwa woga tu, kisha akaona haya kwa kucheka kwake.

Alimwuliza muuza dawa kama ameshawahi kumpa sungura dawa ile. Muuza dawa alisema amewapa kuku, mbuzi na mbwa wa polisi, na mnyama ni mnyama. Alipoona uso wa Chachu haukutulia, aliongeza kwamba kama ana wasiwasi, iko kliniki ya mbwa na paka kule mbele, mkabala na kituo cha mafuta.

Kliniki ilikuwa imefungwa. Komeo la chuma, vumbi kwenye kizingiti, na juu ya mlango picha ya mbwa anayetabasamu. Chachu alikaa kwenye ngazi, jua limemwangukia utosini, akafunua taulo. Hakimu alikuwa ameacha kusaga meno. Hilo lilimtisha kuliko kusaga kwenyewe. Tumbo lake lilikuwa limetuna pande zote mbili, na pumzi zilikuwa fupi fupi, za juu juu.

Hakuona njia nyingine. Akafungua kichupa, akavuta ile dawa ya waridi kwenye bomba mpaka alama aliyoonyeshwa. Akamshika Hakimu kichwa, akasogeza ncha ya bomba kwenye pembe ya mdomo. Tone moja lilianguka kwenye manyoya. Alipoinua macho ili ajitulize, akaona chini ya picha ya mbwa kuna namba ya simu imeandikwa kwa rangi, nusu imebanduka. Akajiambia atajaribu kwanza. Kama hakuna jibu, atampa.

Iliita muda mrefu. Aliyepokea alikuwa mwanamke, akasema daktari hawezi kushika simu kwa sababu mkono wake mmoja uko ndani ya ng'ombe, ila atamshikia simu sikioni. Chachu alieleza haraka haraka: sungura, hajala, hanyi, amevimba, ana baridi. Alisema ameshapata dawa, ya maji, ya waridi, na sasa hivi anataka kumpa. Akataja jina lililokuwa kwenye kichupa.

"Umeshampa?" daktari aliuliza.

"Bado. Iko mdomoni."

"Itoe." Sauti ilikuwa ya mtu anayehema. "Sikiliza vizuri. Mbuzi anaivumilia hiyo. Sungura akiinywa inaua vijidudu vyote vinavyomsagia chakula, na yeye anafuata. Imwage chini."

Chachu aliimwaga. Alitazama ule ugiligili wa waridi ukitambaa kwenye vumbi la ngazi.

Daktari alisema yuko mbali, hawezi kurudi kabla ya usiku, na hata angekuwepo yeye ni mtu wa ng'ombe, sungura hawajui sana. Lakini kuna mwenzake aliyesoma naye, yuko kwenye kituo cha utafiti nyuma ya hospitali kubwa, na wanyama wake hawajui Jumapili kwa hiyo naye hana Jumapili. Hapokei wanyama wa watu. Aende hivyo hivyo. Asipige simu, kwa maana kwenye simu atakataliwa. "Na mpashe joto njiani," alisema, kisha ng'ombe akalia na simu ikakatika.

Chachu alivua sweta ya kiwanda, akamfunika, akakumbatia kikapu kizima kifuani, akatembea nusu mbio. Njia nzima aliweka kiganja ndani ya taulo, akihesabu pumzi. Mara mbili alidhani zimekoma, akasimama katikati ya watu mpaka alipozisikia tena.

Kituo cha utafiti kilikuwa na ukuta mrefu wa kijivu na lango moja la chuma. Mlinzi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema haiwezekani. Wanyama wanaingia kwa gari maalumu, kwa barua, siku za kazi. Mnyama wa mtaani haruhusiwi hata kupita kivuli cha lango.

"Baba, sitaki apite," Chachu alisema. "Nataka Daktari ajue tu kwamba tupo hapa. Akisema niondoke nitaondoka."

Mlinzi alitazama kikapu, akatazama unga kwenye nywele zake. Pengine angekataa. Lakini wakati ule ule Hakimu alitoa mlio, kitu chembamba ambacho Chachu hakuwahi kukisikia kwake, na mzee akanyoosha mkono kwenye simu ya ukutani.

Aliyetoka alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, koti la buluu, mabuti ya mpira, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alinukia dawa ya kusafishia sakafu. Hakumsalimia Chachu. Aliinama kwenye kikapu, akafunua, na uso wake haukubadilika.

"Huyu haingii ndani," alisema. "Nina sungura mia mbili humo, ugonjwa mmoja wa nje unawamaliza." Chachu akahisi machozi yanapanda. Lakini daktari alikuwa ameshamgeukia mlinzi. "Ondoa chupa yako ya chai mezani."

Kibanda cha mlinzi kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, na kalenda ya mwaka uliopita. Daktari alileta sanduku la vifaa, akavua koti la kazi akavaa jingine, akanawa mikono mpaka viwiko. Chachu alisimama na kikapu mikononi, na katika kusubiri kule akauliza swali ambalo baadaye hakujua lilitoka wapi. Aliuliza wale sungura mia mbili wanafanya nini mle ndani.

"Wanajaribiwa dawa. Kazi yangu ni kuhakikisha hawaumwi, hawaogopi, hawateseki."

"Halafu?"

Daktari aliacha kujipangusa. "Halafu kazi ikiisha, nawalaza usingizi wasioamka. Mwenyewe, kwa mkono wangu. Simwachii mtu mwingine." Akaanza tena kujipangusa. "Nakwambia mimi usije ukaambiwa na mwingine. Ukitaka kumchukua, mchukue, sitakasirika. Lakini miaka kumi na tisa ni sungura tu wanaopita mikononi mwangu, na huyu wako ana saa chache."

Chachu aliitazama mikono ile. Ilikuwa na makovu membamba mengi, mikwaruzo ya kucha juu ya mikwaruzo. Alijaribu kufikiri na hakuweza. Aligundua tu kwamba vidole vyake vimekikaba kikapu mpaka vimekufa ganzi, na ilimbidi avifungue kimoja kimoja. Akakiweka kikapu mezani.

Kipimajoto kilisema thelathini na sita na nusu. Daktari alimweleza kwamba sungura mzima hapungui thelathini na nane na nusu. Alimsikiliza tumboni kwa kipimo cha masikioni, upande huu, upande ule, muda mrefu, akatikisa kichwa. Tumbo la sungura, alisema, halinyamazi mchana wala usiku. Hili lilikuwa kimya kabisa. Akaanza kulibonyeza kwa ncha za vidole, taratibu.

"Amekula nini wiki hii?"

"Majani," alisema Chachu. "Na nyasi."

Vidole vya daktari vilisimama. "Hapa ndani kuna kitu kimeganda kama udongo wa mfinyanzi. Majani hayafanyi hivi. Kama amemeza uzi au kipande cha zulia, amezibika, na nikimlisha nitampasua. Kama ni wanga, nisipomlisha atakufa. Kwa hiyo, mdogo wangu, usinijibu kama unavyowajibu watu wa nyumbani kwako."

Chachu alimwangalia Hakimu, kisha daktari.

"Mkate," alisema. "Nilimpa mkate. Siku sita. Jana nusu mkate mtamu. Niliambiwa nisimpe, niliandikiwa, na nikampa."

"Uzi? Zulia? Nyaya?"

"Hapana. Mkate tu."

"Vizuri," alisema daktari, kama vile ameambiwa saa ngapi, akafungua sanduku lake.

Alimchoma dawa ya maumivu. Akamwingizia maji ya uvuguvugu chini ya ngozi ya mgongo, mpaka pakatuna kama nundu. Akamfunga taulo, na mlinzi akaombwa maji ya moto ya chai yake, yakatiwa kwenye chupa mbili za plastiki, zikavishwa soksi, zikawekwa ubavuni. Kulisha baadaye, alisema. Mnyama wa baridi halishwi. Sasa ni kusubiri. Kama joto litapanda, wataendelea. Kama halitapanda, hakuna cha kuendelea nacho.

Robo saa ilipita: thelathini na sita nukta saba. Nusu saa: vile vile.

Ni katika ile nusu saa ndipo Chachu alipotoka nje ya kibanda, akasimama kando ya ukuta wa kijivu, akapiga simu. Alijua kama atasubiri mpaka ijulikane, kama Hakimu akipona hatasema kamwe, na kama akifa atasema uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Mumewe alipopokea, alimwomba ampe Mama. Akasema yote kwa pumzi moja, mkate, siku, kliniki, dawa ya waridi, lango, na kwamba mchana alisema hajambo na haikuwa kweli.

Upepo. Injini tu. Chachu alisubiri kutukanwa. Angeona nafuu kutukanwa.

"Joto ngapi?" mama mkwe aliuliza.

Chachu akamwambia.

"Ufizi una rangi gani? Mweupe au wa waridi?"

Alikimbia ndani akauliza, akarudi. "Umepauka, Mama. Lakini si mweupe."

"Nipe huyo daktari."

Wale wanawake wawili waliongea dakika kadhaa, kwa maneno mafupi ya watu wa kazi. Daktari aliporudisha simu, mama mkwe alikuwa anasema jambo moja tu. "Tunakuja hapo moja kwa moja. Usiondoe mkono wako kwake. Umenisikia? Akiwa hajui yuko wapi, ajue kuna mkono."

Chachu alikaa kwenye kiti cha mlinzi, mkono ndani ya taulo, na hakuuondoa. Mara moja kichwa cha Hakimu kililala upande, sikio lile lililosimama nalo likaanguka, na mwili ukawa mzito. Chachu aliita kwa sauti ambayo hakuijua. Daktari alimnyanyua, akamsugua kifua kwa vidole viwili, akampulizia puani, akabadilisha maji ya chupa, akasema naye maneno ya chini chini ambayo Chachu hakuyasikia. Mlinzi alivua kofia yake. Ilichukua labda dakika moja. Kisha pua ikatikisika, kidogo mno, na daktari akamrudisha chini ya kile kiganja, na Chachu aliona jasho limemtiririka pembeni mwa shingo.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya hospitali pikapu iliposimama nje ya lango. Mama mkwe aliteremka kabla injini haijazimwa, pamoja na magoti yake mabovu. Alikuwa mrefu kuliko kibanda kilivyotaka, ikabidi ainame. Hakumtazama Chachu. Alimtazama Hakimu, kisha akanyoosha mkono kwa daktari, na daktari, kama waliokwisha kupatana tangu zamani, akampa kipimo cha masikioni.

Mama mkwe alisikiliza. Alifumba macho. Alisogeza kile kipande cha chuma kidogo kidogo juu ya tumbo la kijivu, kama alivyosikiliza matumbo ya wanawake kwa miaka thelathini na sita, akitafuta moyo mdogo chini ya moyo mkubwa. Nje mtu alipita akiimba, na mlinzi akaenda kumnyamazisha.

"Sauti ipo," alisema mwishowe. "Ndogo. Kama maji chini ya mlango."

Daktari alisikiliza naye, akakubali. Joto lilikuwa thelathini na saba na nusu. Akakoroga unga wa nyasi na maji, akavuta kwenye bomba nene, akamwonyesha Chachu namna ya kulishika, pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, na kungoja ameze. Hakimu alimeza. Alikunja uso kwa kuchukia, akameza tena.

Daktari alirudi ndani kuwaangalia wake, akasema atarejea baada ya saa moja. Mume wa Chachu, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake, alikwenda kumsaidia mlinzi kuchemsha maji. Wakabaki wawili, kichwa kwa kichwa juu ya taulo.

"Mama, nisamehe," alisema Chachu.

Mama mkwe alikuwa anamsugua Hakimu tumbo kwa mviringo, kwa ncha za vidole.

"Usiku ule wa mzee," alisema, "aliniamsha akaniambia kifua kinambana. Mimi mkunga, nimekaa hospitali maisha yangu yote. Nilimwambia ni gesi, umekula umechelewa, lala. Akalala, hakuamka." Aliendelea kusugua. "Mwanangu hajui. Nimemwambia huyu tu."

Chachu alisogeza mkono wake uliokuwa ndani ya taulo mpaka ukagusana na wa mama mkwe, na hakuna aliyeuondoa wake.

"Wewe umepiga simu," mama mkwe alisema baadaye, kama anayemalizia hesabu nyingine kabisa. "Mimi nililala."

Aliyekiona kwanza alikuwa mlinzi, aliyeleta maji. Aliinama, akaangalia kwenye kunjo la taulo, akauliza kile si ndicho wanachokitafuta. Kilikuwa kidonge kimoja cha kinyesi, kidogo, kikavu, kibaya sura. Mama mkwe alikichukua kwa vidole, akakipeleka kwenye mwanga wa taa, akakigeuza. Chachu alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akashindwa kukitenganisha. Daktari aliporudi walikuwa wamekiweka juu ya kalenda ya mlinzi, wanakilinda.

Lakini daktari hakuwaachia wafurahi sana. Alisema kimoja si kupona. Wamlishe kila baada ya saa tatu, usiku kucha, wampashe joto, na kama kufika asubuhi hajala mwenyewe, wamrudishe hapo langoni. Akawapa bomba na unga wa nyasi kwenye mfuko. Akakigusa kile kichwa cha kijivu kidogo, kwa mgongo wa kidole, akaingia ndani kwa wale mia mbili.

Hakimu alipona, ila hilo lilikuja kujulikana siku ya tatu, alipompokonya mama mkwe jani mkononi. Jioni ile hawakujua. Walibanana watatu kwenye kiti cha mbele cha pikapu, kikapu juu ya mapaja ya mama mkwe, mkono wa Chachu ndani, na kila shimo la barabarani liliwashtua wote. Mumewe, ambaye kimya kilimlemea, alinyoosha mkono kuwasha redio.

"Acha," walisema wote wawili kwa pamoja.

Akarudisha mkono kwenye usukani, akaendesha polepole, na wanawake wakainama tena juu ya kikapu, wakisikiliza.